Kwa askari Mkristo anayekwenda misheni mara ya kwanza

Askari anayepangiwa ulinzi wa amani mashariki mwa Kongo hukaguliwa vifaa, huchanjwa na kupigishwa shabaha. Hofu haikaguliwi na mtu. Wengi hutia Biblia begini wakidhani maneno yatakuja yenyewe siku risasi zikilia. Hayaji. Mtu aliyeshtuka hakumbuki sura nzima. Hukumbuka kile alichokirudia mpaka mwili ukakizoea, kama anavyobadilisha magazini ya bunduki gizani.

Kwa hiyo anza wiki kadhaa kabla ya safari, na mistari mitatu tu. Wa kwanza uwe Zaburi 56:3, kwa kuwa ni mfupi na haukukatazi kuogopa: “Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe.” Ugawe na pumzi. Vuta hewa kwa pua ukisema moyoni “siku ya hofu yangu”; itoe polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, na “nitakutumaini Wewe”. Rudia mara tano. Kutoa pumzi taratibu hutuliza mapigo ya moyo, na maneno huzuia mawazo yasikimbie. Fanya hivyo mwisho wa mbio za asubuhi, ukiwa unahema na begi liko mgongoni. Ukiufanyia mazoezi kitandani tu, utaukosa pale utakapouhitaji. Mistari miwili iliyobaki, Yoshua 1:9 na Zaburi 23:4, yatosha.

Lindoni, omba macho wazi. Nehemia 4:9 inaeleza waziwazi: walimwomba Mungu na wakaweka walinzi mchana na usiku. Anayefumba macho zamu yake ikiendelea anawaweka wenzake hatarini, hata kama anawaombea wao. Simu yenye Biblia iache kambini, maana mwanga wake usiku huonekana mbali. Beba Agano Jipya dogo la karatasi ndani ya mfuko wa nailoni unaofungwa vizuri, mahali ambapo halitazuia mkono wako kufika kwenye magazini.

Sasa Zaburi 91, ambayo ndiyo huleta matatizo mengi. Ni zaburi nzuri, lakini wengine huivaa kama hirizi: elfu wataanguka ubavuni, mimi sitaguswa. Kumbuka ni Shetani aliyeinukuu mbele ya Yesu juu ya kinara cha hekalu, katika Mathayo 4. Yesu alikataa kuigeuza kuwa jaribio. Ukiibeba kama hati ya dhamana, siku mwenzako mcha Mungu atakapouawa, imani yako itazikwa naye. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa na wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa. Hakuna mwenye haki ya kusema walipungukiwa imani.

Kwa sababu hiyo hiyo, usinunue mafuta wala maji ya kuzuia risasi, hata yakitoka kwa mtu anayejiita nabii. Eneo letu limelipia somo hili: Majimaji ya 1905 hadi 1907, kisha wafuasi wa kiongozi wa waasi Alice Lakwena nchini Uganda, waliojipaka mafuta na kushindwa karibu na Jinja mwaka 1987. Helmeti ivae na kamba yake uifunge. Hiyo si kukosa imani.

Mwenzako akiuawa, usikimbilie kueleza kwa nini Mungu ameruhusu. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba walizokaa chini kimya. Waliharibu walipofungua midomo. Kwanza angalia mwili wa aliyebaki: amekunywa maji? Amekula? Amelala? Eliya alipoomba afe chini ya mti wa mretemu, hakuhubiriwa. Alipewa mkate na maji, akalala, akapewa tena. Baada ya hapo someni Zaburi 88 kwa sauti. Inaishia gizani bila kufarijiana kwa haraka, na mara nyingi ndiyo pekee ambayo mtu mwenye uchungu anaweza kuitikia amina.

Ujasiri pia huliwa na dhamiri chafu. Askari waliomuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini hawakuambiwa waache jeshi. Waliambiwa wasidhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watosheke na mshahara wao. Anayechukua kuku wa mwanakijiji kwenye kizuizi cha barabarani mchana hupata tabu kuomba usiku.

Nyumbani, pangeni saa ya kuombeana, si saa ya kupigiana simu. Mtandao ukikatika, ahadi ya simu ya kila siku inageuka msiba wa bure. Beni, mji wa Kivu Kaskazini, iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja, hivyo saa tatu usiku yako ni saa nne yao. Na usiandike kwenye kundi la kwaya “tuombeeni, kesho asubuhi tunatoka kwenda” mahali fulani. Hiyo ni kuvujisha siri ya operesheni. Andika “tuombeeni wiki hii”, inatosha. Mungu anajua ramani.

Ukirudi, ndoto mbaya na kushtuka kwa kila mlio kwa siku za mwanzo ni kawaida. Zikipita mwezi, au ukianza kulala kwa msaada wa pombe, nenda kwa daktari wa kikosi na kwa mchungaji au padri wako, kwa wote wawili. Mwambie mke au mume wako tarehe ya miadi, akuulize jioni kama ulikwenda.