Usimchukue mbwa wa mitaani mwezi Desemba: niliyojifunza Oaxaca

Canela nilimchukua tarehe 5 Desemba, mwaka wangu wa kwanza Oaxaca, mji wa kusini mwa Mexico. Wahudumu wa makazi ya mbwa walinisihi nisubiri sikukuu zipite, nikaona wananichelewesha bure. Nilikuwa nimeshanunua bakuli, blanketi na kamba, na nyumba ilikuwa kimya mno kwa mtu aliyekulia Tanga, ua mmoja na shangazi wanne. Usiku wa kuamkia tarehe 12, sikukuu ya Bikira wa Guadalupe, saa sita kamili, baruti ya kwanza ililipuka juu ya paa. Wakati huohuo nilikuwa nafungua geti kumpokea bibi jirani aliyeniletea chakula. Canela alipita katikati ya miguu yetu akatokomea. Nilimpata siku ya tatu sokoni, amejibanza chini ya meza ya mama anayeuza tamales (unga wa mahindi uliopikwa kwa mvuke ndani ya jani), nyayo zimechubuka hadi damu.

Naandika haya kwa ndugu zangu mnaohamia huku kwa kazi, masomo au ndoa, maana wengi mnaniuliza habari za mbwa. Mbwa koko huku ni wengi, wapole, na moyo unakusukuma umchukue wa kwanza atakayekufuata. Mchukue. Ila angalia kalenda kwanza.

Desemba ya Oaxaca si sikukuu moja. Tarehe 8 ni ya Bikira wa Juquila, 12 ya Guadalupe, 18 ya Soledad, msimamizi wa mji. Kuanzia 16 hadi 24 kila jioni kuna posada, sherehe ya kungojea Krismasi. Tarehe 23 wakulima wanajaza uwanja mkuu, Zócalo, na sanamu walizochonga kwa figili kubwa nyekundu, shindano lililoanza mwaka 1897. Na karibu kila sherehe ina cohetes: baruti iliyofungwa kwenye kijiti kirefu, inarushwa hata mchana kweupe, kwa sababu kinachotakiwa ni kishindo, si rangi. Wapo wageni wanaolalamikia kelele hizo. Mimi siwaungi mkono. Mtaa umekuwa ukiwashangilia watakatifu wake hivyo kabla hatujafika, na kazi ya kumlinda mbwa ni yangu.

Namna ninavyomlinda ni hii. Matembezi yanaisha kabla jua halijazama, na kamba naifunga sehemu mbili, shingoni na kifuani, kwa sababu mbwa aliyeshtuka huchomoa kichwa kwenye mkanda kwa sekunde moja. Jioni nafunga chumba cha katikati ya nyumba, madirisha na mapazia, nawasha feni na redio, nami nakaa humo naye. Kumbembeleza hakumzidishii woga, mkumbatie kama anataka kukumbatiwa. Kama hofu yake ni kubwa, nenda kwa daktari wa mifugo wiki kadhaa kabla, na umwombe dawa ya kupunguza hofu yenyewe. Zipo dawa zinazolegeza mwili tu huku mbwa akiendelea kuogopa ndani kwa ndani, na huo ni ukatili hata kama hatukuukusudia. Vidonge vya binadamu usimpe kabisa.

Posada zenyewe usizikose. Nusu ya watu wanasimama nje wakiimba kuomba malazi, kama Yusufu na Mariamu, walio ndani wanawakatalia kwa wimbo, mpaka mlango unafunguliwa na wote wanaingia kunywa ponche ya moto yenye mapera, miwa na ukwaju. Mara ya kwanza kuinusa nilikaribia kulia, harufu yote ya kwetu ilikuwa ndani ya sufuria moja. Lakini mbwa mwache nyumbani. Watoto wanapiga piñata, sanamu iliyotundikwa ikiwa imejaa peremende, kwa fimbo, na mbwa aliyewahi kupigwa mitaani anapoona fimbo imeinuliwa hajui kwamba si yake. Canela alitumia mwaka mzima kuuzoea ufagio wangu.

Chakula nacho kina hatari zake. Usiku wa tarehe 31 kila mtu anakula zabibu 12, moja kwa kila mlio wa kengele, na nyingine zinadondoka sakafuni. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa. Chokoleti na vitunguu pia ni sumu kwake. Tamales za huku zinafungwa kwa jani la mgomba, linabaki na harufu ya nyama, na mbwa akilimeza linaweza kumziba utumbo, kwa hiyo taka zitoe usiku uleule.

Kuhusu afya, Mexico inastahili sifa. Mwaka 2019 ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba imetokomeza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa kinachoambukizwa na mbwa wenyewe, na serikali huendesha kampeni za chanjo bila malipo. Tukikumbuka tunavyokiogopa kichaa hicho kwetu, si jambo dogo. Bado mchanje wako, maana popo na wanyama wa porini wanabeba virusi hivyo. Mpime pia damu kwa magonjwa ya kupe. Mbwa wangu wa pili, Tangawizi, alikuja anakula na kucheza vizuri, kumbe ugonjwa wa kupe ulikuwa umeshamla damu. Nilikaa naye miezi minane.

Mama yangu hakupenda. Nyumbani mbwa hakanyagi sebuleni, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba. Nami sijaacha nilivyolelewa: chumba cha kuswalia kimefungwa, na mbwa wana vyombo vyao peke yao. Inawezekana kabisa, msiogope. Tangawizi alipokufa nilimpigia mama simu nikijua atasema ni mbwa tu. Alinyamaza, kisha akauliza, “Umemzika wapi, mwanangu?”

Oktoba ile bibi jirani aliniomba picha ya Tangawizi. Huku wapo wanaowawekea wanyama wao waliokufa taa na maji tarehe 27 Oktoba, siku chache kabla ya Siku ya Wafu, na watu wa kale wa nchi hii waliamini kwamba mbwa ndiye anayemvusha marehemu mtoni kuelekea Mictlán, nchi ya wafu. Picha hiyo ilikaa kwenye madhabahu ya nyumbani kwa bibi, katikati ya maua ya cempasúchil, karibu na ya marehemu mumewe. Akaniambia, “Mija, mume wangu hakujua kuogelea.”

Sasa wapo mke na mume kutoka Mombasa waliofika Novemba, nao wanataka mbwa. Nimewaomba wasubiri. Tarehe 6 Januari tulikata rosca, mkate wa Wafalme, na kisanamu cha mtoto kilichofichwa ndani kikanitokea mimi, kwa hiyo tamales za tarehe 2 Februari ni juu yangu. Baada ya hapo mtaa unatulia kwa wiki kadhaa. Tarehe 3 asubuhi nitawapeleka kwenye makazi. Bakuli na blanketi nimewaambia wanunue wakishamwona mbwa mwenyewe.