Star Trek ni ya Marekani, lakini usimcheke binamu yako wa Toronto

Mtoa mada anasema binamu yake aliyeko Toronto kambishia kwamba Star Trek, ile tamthilia ya runinga ya wasafiri wa anga za mbali, ni ya Wakanada, yeye anajua ni ya Wamarekani, na sasa wanataka mwamuzi. Mkuu, kwenye makaratasi umeshinda. Aliyeibuni ni Gene Roddenberry, Mmarekani, na televisheni ya kwanza kuinunua ni NBC ya Marekani. Ila mimi nipo Mississauga, jirani kabisa na Toronto, mwaka wa tisa huu nashusha mbao na plaiwudi kwa lori la watu, na tamthilia hiyo naifuatilia tangu enzi za kanda za VHS. Binamu yako ana hoja.

Kwanza tarehe. Vitabu vyote vinakwambia ilianza Septemba 8, 1966. Hiyo ni Marekani. Kanada, kituo cha CTV kilikuwa kimeshaionyesha Septemba 6, siku mbili kabla. Kwa hiyo watu wa kwanza duniani kuiona wakiwa sebuleni kwao walikuwa Wakanada. Hili lishike, nitalirudia.

William Shatner, aliyeigiza Kapteni Kirk, mkuu wa chombo cha anga, ni mtoto wa Montreal na kasoma biashara Chuo Kikuu cha McGill. Mwaka 1956 alikuwa mwigizaji wa akiba wa Christopher Plummer kwenye tamasha la Stratford, Ontario. Plummer akaugua, Shatner akapanda jukwaani badala yake. Mwaka 1991, kwenye filamu ya sita, Plummer, mzaliwa wa Toronto, ndiye jenerali wa Kiklingoni, yaani wa taifa la kubuni la mahasimu kwenye tamthilia, anayemwandama Kirk. Kumbe wale wanafahamiana miaka yote hiyo!

Lakini ninayempenda mimi ni Scotty, fundi mkuu wa mitambo. Lafudhi ile ya Kiskochi ni ya kuigiza. James Doohan alizaliwa Vancouver mwaka 1920, na Juni 6, 1944 alishuka na jeshi la Kanada ufukwe wa Juno kule Normandy. Akanusurika na Wajerumani mchana kutwa, halafu usiku mlinzi wa upande wake mwenyewe, kwa kiwewe, akammiminia risasi sita. Nne zikaingia mguuni, moja ikagonga kikasha cha sigara kilichokuwa kifuani, moja ikaondoka na kidole cha kati cha mkono wa kulia. Ndiyo maana kwenye tamthilia mkono ule haukai mbele ya kamera. Tafuta ile sehemu ya vidubwana vya manyoya, pale Scotty anapovibeba rundo zima mikononi. Simamisha picha, tazama vidole. Mimi nilihesabu nikiwa nimeinamia kioo cha runinga kama nakagua pesa bandia.

Halafu kuna mji wa Vulcan, Alberta. Usidhani waliuita hivyo kwa ajili ya Spock, yule msaidizi wa Kirk mwenye masikio yenye ncha anayetoka sayari ya kubuni iitwayo Vulcan. Jina alilitoa mpimaji wa reli ya Canadian Pacific, kwa heshima ya mungu wa moto wa Waroma, miongo kadhaa kabla Spock hajabuniwa. Ni mji wa wakulima wa ngano, watu wapata elfu mbili. Mwaka 1995 wakaona bahati hiyo wasiiachie, wakasimamisha nakala ya chombo cha anga yenye urefu wa futi 31 pembeni ya barabara. Leonard Nimoy, mwigizaji wa Spock, alikwenda mwaka 2010 wakamzindulia sanamu. Nilifika huko na shemeji yangu tukitokea Calgary, mwendo wa saa moja na nusu, mashamba kushoto na kulia, upepo unapeperusha kofia. Chini ya chombo kuna maandishi ya kukaribisha wageni kwa Kiingereza, Kiklingoni na Kivulcan. Shemeji akasimama, akayatazama weee, akasema, "Yaani lugha mbili za kubuni zimepata kibao, sisi watu milioni ngapi huko hatumo!" Sikuwa na jibu.

Siku hizi ndiyo usiseme. Star Trek wametoa matoleo mapya: Discovery, kuanzia 2017 hadi 2024, ilitengenezwa Toronto. Strange New Worlds nayo imetengenezwa hapahapa Mississauga. Sababu kubwa ni nafuu ya kodi kutoka serikali kuu na jimbo la Ontario, pamoja na dola ya Kanada kuwa chini ya ile ya Marekani. Hata Jumba la Makumbusho la Aga Khan, lile la mawe meupe lililofunguliwa 2014, ambako ukiingia hukosi mzee mwenye asili ya Dar au Kampala wa kukusalimia "habari za nyumbani", lilitumika kuwa sayari ya Vulcan. Na Toronto, baada ya miaka mingi ya kuvishwa sura ya New York kwenye picha za watu, mwaka 2023, ndani ya Strange New Worlds, iliruhusiwa kuwa Toronto. Kirk anatua mjini, anatazama maghorofa, anadhani yuko New York, mwenzake anamsahihisha. Hapo nilicheka peke yangu jikoni.

Wakanada wenyewe wanaichukulia kama ya nyumbani. Noti yao ya dola 5 ina picha ya Waziri Mkuu wa zamani Wilfrid Laurier, na watu walikuwa wanamchora kwa kalamu masikio yenye ncha na nywele za Spock. Nimoy alipofariki Februari 2015 mchezo ukazidi, mpaka Benki Kuu ikatoa kauli: si kosa la jinai, ila tafadhali msiharibu noti.

Sasa turudi Septemba 6. Sehemu iliyorushwa siku ile ndiyo ile ya kiumbe kinachojigeuza sura na kufyonza chumvi ya watu. Kinamwendea Luteni Uhura, mwanamke mweusi anayeshughulikia mawasiliano chomboni, ambaye jina lake limetoholewa kwenye neno letu uhuru, kikiwa na sura ya mwanamume mweusi, na kinamsemesha Kiswahili. Nilirudisha nyuma mara nne. Matamshi yamepindapinda, maneno mengine hayakamatiki, ila ni Kiswahili, na kilisikika Kanada siku mbili kabla ya Marekani. Mwambie binamu aongeze hiyo kwenye hoja zake.