Uliza Fundi: Nibadilishe difu ndio pikapu ivute trela?

SWALI: Habari yako fundi. Niko na Hilux ya zamani, ile ya injini 3L ya diseli haina tabo, fo-wili, na habu za mbele, zile zinashikanisha gurudumu na shafti, ni za kufunga na mkono. Kazi yangu ni kutoa mbolea Kisumu napeleka Mbale ya Vihiga, na nyuma navuta trela ya magunia 30 ya kilo 50. Kitambo ilikua inapanda mlima wa Riat na gia ya tatu bila maneno, lakini siku hizi nikishapita tu Mamboleo inaanza kuchoka, nne haishiki, tatu inazimazima, mara nyingi nafika Kiboswa na ya pili na nyuma yangu matatu zinapiga honi kama ni mimi nimefunga barabara. Kuna fundi anasema difu yangu ni resho ya 4.1 nitoe niweke ya 4.556 itavuta. Ni ukweli ama anatafuta tu kazi? Halafu nilikua nimesahau, nilitoa zile tairi za 205R16 nikaweka 265/75R16 juu barabara za kwetu ndani ni mbaya.
Mwenye Hilux, Mbale

JIBU: Ndugu yangu, hilo ulilosahau ndilo lingekua la kwanza kwa barua yako.

Tairi ya 205R16 ina kipenyo kama sentimita 74. Hiyo 265/75R16 inazidi 80 kidogo. Maana yake kila mara gurudumu likizunguka mara moja gari inaenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 8, na nguvu ya kusukuma pale tairi inapogusa lami inapungua karibu vilevile. Resho ya difu, ile gia ya kwa ekseli, ni mara ngapi propela (shafti ndefu inayotoka giaboksi) inazunguka gurudumu likizunguka mara moja. Yako bado imeandikwa 4.1 lakini kwa barabara inafanya kazi kama 3.78. Yaani wewe ulishabadilisha resho tayari, ukaibadilisha upande mbaya, na ukalipia tairi nne juu yake. Injini haina tabo ya kukusaidia, na ukiongeza tani moja na nusu ya mbolea bila kuhesabu uzito wa trela yenyewe, basi hapo Riat lazima ikuulize maswali.

Sasa hiyo hesabu ya fundi wako. 4.1 ni krauni (gia kubwa ndani ya difu) ya meno 41 na pinioni (ile ndogo inayoizungusha) ya meno 10, na 4.556 ni meno 41 kwa 9. Ukitoka moja ukaingia ingine unaongeza mvuto kwenye magurudumu kwa asilimia 11, so hajakudanganya. Ukiweka hiyo na tairi zako kubwa unarudi pale ulikua zamani na kuzidi kidogo tu. Tuseme unaenda 80 kwa gia ya nne: na tairi ndogo na difu ya 4.1 injini ilikua kama mizunguko 2,350 kwa dakika, na hizi kubwa imeshuka hadi kama 2,160, na ukiweka 4.556 inapanda tena hadi 2,400. Hio ndio tofauti yote. Watu wanafikiria difu inaongeza nguvu ya injini, hapana, injini ni ileile na moshi ni uleule, unachopata ni kwamba inazunguka zaidi kidogo kwa mwendo uleule, na injini ya diseli kuukuu ikizunguka karibu na pale inapenda, inavuta.

Na usitegemee miujiza. Pengo la gia ya tatu na ya nne kwa giaboksi yako ni kama mara tatu au nne ya hiyo asilimia 11. Kwa hivyo kama shida ni kwamba nne haipandi, jibu la bure ni ushuke tatu mapema, kabla mlima haujaanza kuuma, usingoje mpaka injini ianze kutetemeka ndio uvute gia. Difu inakusaidia pale tatu imekataa kidogo na pili inakua polepole sana, yaani ile shida yako kabisa. Ndio maana sikuambii uache. Nakuambia uanze na tairi. Azima rimu na tairi za saizi ya zamani kwa mtu, panda Riat na mzigo uleule, na ikipanda na tatu kama zamani basi umeshajua ugonjwa ulikua wapi, na kuuza hizo tairi kubwa ni rahisi kuliko kufungua difu mbili.

Ndio, mbili. Yako ni fo-wili, mbele na nyuma lazima ziwe resho moja, na hapa ndio bei inaruka (soma swali la pili).

Kama bado unataka difu, kwanza hakikisha iliyoko ni 4.1 kweli, usiende na maneno ya mtu. Hilux hizi zilitoka na resho tofautitofauti na nyingi zimeshabadilishwa difu mara kadhaa na watu hatuwajui. Funga mawe magurudumu ya mbele, toa gia, toa hendibreki, inua gurudumu moja tu la nyuma na uweke stendi chini ya ekseli, jeki peke yake usiiamini. Chora chaki kwa tairi na kwa propela. Zungusha hilo gurudumu mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu propela. Ikizunguka mara nne na kitu kidogo tu, ni 4.1. Ikizunguka nne na nusu na kaupenyo, iko tayari 4.556 na hela yako imepona. Kwa nini mara mbili na sio moja, ni kwa sababu gurudumu lile lingine limesimama chini, so difu inagawa nusu.

Kununua, tafuta difu nzima ya eksi-Japani ikiwa imefungwa, usinunue krauni na pinioni ziko uchi kwa gunia. Kwa Hilux yako difu inatoka mbele ukishavuta hafu shafti (zile zinatoka difu hadi magurudumu) na kutoa propela, inaingia ingine, ni kazi ya siku moja kwa fundi mzuri. Fungua uhesabu meno mwenyewe. Krauni na pinioni zinatengenezwa pamoja, ukiona namba zilizochorwa kwa moja hazifanani na za ingine, rudisha mezani. Na kama fundi atakufungia seti mpya kwa difu yako ya zamani, muulize anapima plei (nafasi kati ya meno) na nini. Akisema anashika na mkono tu anasikia, toa ufunguo uende. Pinioni ikikaa vibaya hata kidogo inaanza kulia ukifika 60, na ikishaanza kulia haitanyamaza, inakula meno mpaka uchafu wa chuma uonekane kwa oili.

Baada ya kufungwa usivute trela kwa kilomita 800 za kwanza. Najua ni ngumu, mbolea ina msimu, lakini meno mapya yanapata moto sana na mzigo unayaunguza kabla hayajazoeana. Endesha kidogo, simama, shika difu na mkono, ikiwa haishikiki ngoja ipoe. Baadaye mwaga oili uweke mpya, EP90 ya GL-5.

Spidomita pia. Hizo tairi kubwa zimekua zikikudanganya, ukienda 80 kamili inakuonyesha 74, na askari mwenye kamera hatasikia hiyo hadithi. Ukiweka 4.556 na tairi hizohizo itasoma 82 ukiwa 80, hiyo ni sawa kabisa.

Na breki, sijasikia ukitaja breki za trela. Kupanda na kasi zaidi hakukupi ruhusa ya kuongeza magunia, ile sehemu trela inafungwa na chesisi ni zilezile.

SWALI: Fundi, mimi ni mama natumia pikapu ya fo-wili kutoa mahindi shambani na trela. Fundi wa hapa amesema tubadilishe difu ya nyuma tu, ya mbele ni pesa ya bure kwa sababu situmii fo-wili. Ni sawa?
Msomaji, Bungoma

JIBU: Mama, leo hutumii. Msimu wa mvua ukifika na trela imezama kwa udongo, wewe au kijana wako atavuta ile lever. Magurudumu ya mbele na nyuma yatataka kwenda mwendo tofauti na gari ni moja. Kwa matope yatateleza tu na kuburuta, kwa lami au murami mkavu hakuna pa kutelezea, kwa hivyo kinavunjika kitu, transfa (ile boksi inagawa nguvu mbele na nyuma) au hafu shafti. Kama pesa haitoshi difu mbili, basi toa kabisa propela ya mbele uiweke kwa stoo, ujue umebaki na gari ya magurudumu mawili, na usiuzie mtu bila kumwambia. Mimi ningengoja nipate za difu mbili.

Kuna kitu kingine hufundishwi na mtu. Kama habu zako ni za mkono, ziache zimefunguliwa halafu weka lever kwa fo-wili loo. Mbele haitavuta, lakini unapata gia fupi sana kwa magurudumu ya nyuma, nzuri ya kutoa trela polepole getini bila kuunguza klachi. Polepole nimesema, ukikanyaga unavunja hafu shafti.

SWALI: D-Max otomatiki, napeleka ng'ombe Eldoret. Ikifika mlima wa Sachangwan giaboksi inacheza juu chini juu chini. Nibadilishe difu?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana, kwanza ondoa kwa D. Vuta lever uweke gia ya tatu ukishapita Salgaa, uiache hapo mpaka juu, kwa sababu ile kubadilisha gia kila dakika ndiyo inapika oili ya giaboksi. Timboroa huko mbele ni zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, tabo inasaidia lakini radieta bado inateseka. Ukiona temprecha inapanda, simama mahali pana penye usalama, injini iendelee kuzunguka bila kuzima. Oili ya giaboksi ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, difu isahau, pesa iende huko.