Nikimeza vidonge vya sonona nimemkana Mungu?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni baba wa miaka 38, nakaa Ngamiani hapa Tanga, ni mwalimu wa kwaya. Tangu mwezi wa tatu sina hamu na kitu, hata kinanda. Naamka saa tisa usiku basi usingizi ndo umeisha, nimekonda, mwanangu akicheka naona kelele. Kuna siku natamani nilale nisiamke. Daktari alisema ni sonona akanipa vidonge, nikameza siku 9 nikaacha, mdomo ulikuwa unakauka na nafuu sikuiona. Kwenye kikundi cha maombi wamesema ni roho ya huzuni, nifunge siku 7 na dawa niache, Mungu hachangii utukufu wake na vidonge. Mke wangu analia tu. Nikimeza vidonge nimemkana Mungu?*

Marahaba mwanangu. Hapana, hujamkana, na ikiwezekana kesho asubuhi rudi kwa daktari uanze upya.

Ila kabla ya yote hilo la kulala usiamke. Mwambie mkeo leo, maneno hayohayo uliyoniandikia mimi ambaye hata hunijui. Na likizidi, ukaanza kuwaza itakuwaje na lini, hapo hakuna kusubiri tarehe ya kliniki wala kumaliza maombi, mnachukua bajaji saa hiyohiyo hata iwe usiku wa manane mnaenda hospitali ya Bombo mnasema wazi kilichowaleta. Vidonge navyo akae navyo mkeo, awe anakupa cha siku.

Sasa huu ugonjwa. Watu wanachanganya sana, wanadhani sonona ni huzuni iliyozidi. Madaktari wanaangalia kama roho nzito au kukosa hamu kumekaa wiki 2 na kuendelea, karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, na juu yake kuna usingizi uliovurugika, chakula hakipiti, uchovu, kujiona hufai, kufikiria kufa. Wewe una karibu yote na yako ni ya miezi. Hata hiyo ya kuamka saa tisa ukashindwa kurudi kulala wanaijua vizuri. Huwa haina chanzo kimoja, inaweza kuwa ya ukoo, msiba, madeni, maradhi ya muda mrefu, vyote vikichanganyika na ubongo wenyewe. Ukirudi muombe akupime damu na tezi ya shingo pia, maana upungufu wa damu au tezi iliyolegea kazi inaweza kumfanya mtu awe hivihivi.

Siku 9 mwanangu! Siku 9 ndo umekula maudhi yote na faida hujaifikia. Hizi dawa ndivyo zilivyo, mdomo mkavu, kusinzia au tumbo kuchafuka vinatangulia, nafuu inaanza kuonekana wiki ya 2 mpaka ya 4 na kukolea mpaka wiki ya 6 hivi. Ulitakiwa uambiwe siku ileile unapewa, na mimi hili linanikera kwa kweli, mtu anakabidhiwa bahasha ya vidonge na "mara moja usiku" basi. Ukipona pia huachi siku hiyo, unaendelea miezi kadhaa, mara nyingi 6 hadi 12, halafu daktari ndo anakupunguzia taratibu. Hazikufanyi teja. Na kama hizo zinakusumbua mwambie, zipo za aina nyingine. Muulize pia kuhusu mtaalamu wa saikolojia wa kukaa naye mkaongea, hiyo nayo ni tiba kamili.

Tuje kwenye Biblia maana ndiko ulikofungwa. Fungua 1 Wafalme 19. Eliya ametoka Karmeli, moto umeshuka mbele ya watu wote, na muda si mrefu yuko jangwani chini ya mretemu anaomba afe. Huyo ni nabii, utasema hana imani? Angalia alivyotendewa. Hakukemewa pepo wala hakufungishwa. Aliachwa alale, malaika akamwamsha ale mkate na anywe maji, akalala tena, akaamshwa akala tena, mazungumzo na Mungu yakaja baadaye kule Horebu. Sasa wewe huli, hulali, mtu anakwambia ufunge siku 7? Usifunge.

Na hilo la utukufu na vidonge, waambie wasome 2 Wafalme 20. Hezekia aliomba akalia sana, Mungu akasema nimeyasikia maombi yako, halafu Isaya akaagiza mkate wa tini ubandikwe kwenye jipu. Maombi na dawa, sura moja. Aliyekwambia uache vidonge muulize presha yake yeye anaitibu na nini. Tena wapande Lutindi, ni hapahapa mkoani kwetu, Korogwe, milimani Usambara, waone hospitali ya magonjwa ya akili ya Walutheri ambayo mizizi yake ni wamisionari wa enzi za Mjerumani. Hao wote walimkana Mungu?

Sikwambii uwakimbie wenzio, wanakupenda ila wamekosea hapa. Waambie wakuombee, na mmoja akusindikize kliniki. Wewe ukishindwa kuomba soma Zaburi ya 88, wewe ni mtu wa kwaya utaielewa, kichwani pake imeandikwa ni ya wana wa Kora, waimbaji wenzio. Imeanza kwa kilio ikaishia gizani, haina hata ule mstari wa mwisho wa kushangilia, na haijatolewa kwenye Biblia.

Kwaya muachie msaidizi wako kwa sasa, mchungaji mwambie ukweli kwamba unaumwa. Asubuhi toka na baiskeli, Tanga hii baiskeli haikosekani, mpaka Raskazone na kurudi, hata kama huna hamu, mwili ukitikisika na akili inapata kitu. Siku ukishindwa usijilaumu, kesho yake unatoka tena.

Usinijibu kwanza. Nenda kwa daktari na mkeo, ukitoka huko ndo uniandikie umepewa dawa gani na tarehe ya kurudi ni lini.