Jibu: Miezi minne yadini, nihamie yadi ya jirani?

Ndugu, umesema una miezi minne ukiuza kwenye yadi ya magari hapo Mombasa, umeuza magari matatu, na jirani anakuahidi kamisheni kubwa zaidi. Usihame bado. Mteja wa gari hanunui siku ya kwanza. Anazunguka, anasubiri mkopo wa benki au sacco, ndipo anakupigia. Mimi nilihama mwezi wa tano. Wiki iliyofuata wateja wangu wawili wakalipa, kamisheni ikaenda kwa mwingine. Iliniuma sana.

Ila kama bosi anakukalia kamisheni yako, au anataka uwafiche wateja kwamba kilomita za gari kwenye dashibodi zimepunguzwa, ondoka leo.

Ya jirani ichunguze kwanza. Pita asubuhi, uangalie magari yenye vumbi zito kwenye vioo: hayo hayatoki. Na uliza, magari ni yao au wamewekewa na wenye magari wawauzie?