Kabla Hujanukuu Tarakimu ya Bajeti, Uliza Imepangwaje

Kila Juni, Waziri wa Fedha akishamaliza kusoma hotuba yake Dodoma, maofisa wapya wa mipango na bajeti huniletea swali lilelile: "Sasa elimu imepata ngapi?" Nami huwauliza: elimu ipi, na unahesabu kwa mpangilio upi? Wanadhani nakwepa, kumbe ndiyo kazi yenyewe. Shilingi ileile huandikwa kwa namna kadhaa ndani ya bajeti: nani kapewa, atanunua nini, kwa lengo gani, na imetoka wapi. Ukichanganya mipangilio hiyo, unapata tarakimu isiyokuwepo kokote.

Anzia kwenye vitabu vya bajeti, hotuba utaisoma baadaye. Humo kila taasisi inayoidhinishiwa fedha ina namba ya fungu: 38 ni JWTZ, 46 ni Wizara ya Elimu, 52 ni Wizara ya Afya, 56 ni TAMISEMI (ofisi inayosimamia mikoa na halmashauri), na mikoa nayo kila mmoja una fungu lake. Ndani ya fungu mna vifungu, ambavyo kwa kawaida ni idara. Kifungu 1001, Utawala na Rasilimali Watu, ndimo ulimo mshahara wa waziri. Ndiyo maana mbunge anayetaka kumbana waziri kwenye Kamati ya Matumizi hungojea hapo, kisha anasema anashika shilingi, yaani anatishia kuzuia mshahara huo hadi apate majibu. Chini ya vifungu ndipo zilipo kasma, yaani kitu chenyewe kinachonunuliwa au kulipwa.

Fungu linakuambia nani ataulizwa fedha zikipotea, kwa sababu kila fungu lina Afisa Masuuli wake, yaani mtendaji anayewajibika kwa fedha zake. Halikuambii zaidi ya hapo. Ukifungua Fungu 46 ukitafuta mishahara ya walimu wa shule za msingi na sekondari za serikali, hutaikuta. Walimu hao wako chini ya halmashauri, na fedha zao zimo kwenye mafungu ya mikoa. Kwa hiyo anayechukua jumla ya Fungu 46 na kuiita "bajeti ya elimu" ameacha nje sehemu kubwa kabisa ya gharama ya elimu nchini. Nimeona ripoti nzima, yenye michoro ya rangi, ikijengwa juu ya kosa hilo.

Kasma zina mtego wake. Namba zake zimejengwa juu ya mwongozo wa takwimu za fedha za serikali wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa: zinazoanza na 21 ni malipo ya watumishi, zinazoanza na 22 ni bidhaa na huduma, na kuendelea. Ofisini, hata hivyo, utasikia watu wakigawa kwa PE na OC, yaani mishahara na matumizi mengineyo. Mgeni hudhani 21 ndiyo PE na zilizobaki ndizo OC. Sivyo. Posho ya kazi za ziada ni malipo ya mtumishi, kasma yake inaanza na 21, lakini inabebwa na OC. Ukijumlisha 21 zote na kuandika "mishahara", mhasibu atakurudishia karatasi yako bila maneno mengi.

Sasa tuje kwenye mgawanyo unaopendwa kuliko yote: matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo. Bajeti ya 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35, kati yake trilioni 34.59 za kawaida na trilioni 14.76 za maendeleo. Hapo magazeti huandika kwamba asilimia 30 inakwenda kwenye maendeleo, na msomaji anaona barabara, madaraja na madarasa. Polepole. "Maendeleo" katika vitabu vyetu maana yake ni kwamba fedha zimeombwa chini ya mradi wenye namba yake. Mradi huo unaweza kuwa reli. Unaweza pia kuwa na semina, mafuta ya gari la ufuatiliaji na posho za kujikimu za timu nzima. Mfano ninaoupenda ni mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, ambayo imekuwa ikiwekwa kwenye bajeti ya maendeleo ya Wizara ya Elimu. Ni fedha ya chakula, malazi na ada. Haimwagi zege popote. Na kwa mwongozo wa IMF haihesabiki hata kama gharama, kwa kuwa mkopo unaotarajiwa kurudi ni mali ya mkopeshaji. Kwa hiyo kitu kimoja kinaitwa maendeleo kitabuni, matumizi ya maisha ya kila siku kwa anayekipokea, na dai la serikali kwa mtakwimu. Wote watatu wako sahihi, kila mmoja kwa mpangilio wake.

Upande wa pili nao unaonewa. Watu hulitaja neno "kawaida" kana kwamba ni chai na vitafunio vya vikao. Mshahara wa muuguzi ni kawaida. Zahanati ikishajengwa kwa fedha za maendeleo, itafunguliwa na fedha za kawaida au haitafunguliwa. Kwa maoni yangu ndiyo sababu sheria za kuweka kiwango cha chini cha maendeleo zisomwe kwa tahadhari. Kenya, kupitia Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, inataka angalau asilimia 30 ya bajeti, katika muda wa kati, iende kwenye maendeleo. Nia ni njema, lakini ofisa mjanja anayebanwa na asilimia huweza kubatiza semina jina la mradi, na kiwango kikatimia.

Kuhusu deni, nitasema moja tu. Malipo ya deni, chini ya Fungu 22, yanakaa kwenye matumizi ya kawaida na hulipwa moja kwa moja kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina. Ndani yake mna riba na mna mtaji, yaani kiasi chenyewe kilichokopwa. Riba ni gharama. Kurejesha mtaji kwa hesabu za IMF si gharama, ni upande wa ugharamiaji wa bajeti. Lakini jumla inayosomwa bungeni inabeba vyote viwili. Ukilinganisha jumla hiyo na ya nchi inayotangaza gharama peke yake, hujalinganisha chochote.

Mpangilio wa mwisho ni wa majukumu, ule wa Umoja wa Mataifa wenye makundi kumi: huduma za jumla, ulinzi, usalama wa raia, uchumi, mazingira, makazi, afya, burudani na utamaduni, elimu, na hifadhi ya jamii. Huu hauangalii jina la mwenye fedha. Hospitali ya jeshi iliyo kambini, mfano wa Lugalo, inaingia afya, ilhali hospitali ya muda ya uwanja wa vita inabaki ulinzi. Riba ya deni inaangukia huduma za jumla, jambo linalofanya kundi hilo lionekane kubwa na ofisi za utawala zituhumiwe bure. Anayeuliza "elimu imepata ngapi" kwa dhati, mpe jibu la mpangilio huu, na umwambie umejumlisha mafungu gani.

Ukiwa kazini, andika pembeni ya kila tarakimu mambo manne: fungu au jukumu, kawaida au maendeleo, fedha za ndani au za nje, na kama ni iliyoidhinishwa, iliyotolewa au iliyotumika. Hilo la nne ndilo husahaulika zaidi, na fedha za nje ndizo huchelewa kutolewa mara nyingi. Usiingize matumizi kwenye kasma yenye salio kwa sababu tu ina salio. Kuna utaratibu wa kuomba uhamisho, na wakaguzi wa CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, huitafuta hoja hiyo kila mwaka.

Na ukilinganisha miaka, fuata namba ya fungu, usifuate jina la wizara. Majina hubadilika kila baraza la mawaziri linapopangwa upya. Januari 2022 Afya ilitenganishwa na Maendeleo ya Jamii, na aliyekuwa akijumlisha kwa jina la wizara aliona bajeti ya afya "imeshuka". Aliyekuwa akifuata 52 ya Afya na 53 ya Maendeleo ya Jamii, kila moja kwa safu yake, hakubadilisha hata fomula moja kwenye jedwali lake.