JIBU: Pancha haziishi, mwalimu mgeni Maswa

Mwalimu habari, karibu Usukumani. Unasema umepangiwa shule huko Maswa ndani ndani, umenunua baiskeli ya mtumba na kila ukiziba pancha kesho yake upepo umeisha. Usinunue tyubu nyingine kwanza. Toa hiyo, ijaze upepo, izamishe kwenye beseni la maji uone mapovu yanatokea upande gani. Yakitokea upande wa ndani unaogusa rimu basi spoku inachoma, zungushia rimu yote utepe wa tyubu kuukuu. Yakitokea upande wa nje hiyo ni mbigili, na ubaya wa mbigili ncha inakatikia kwenye tairi, unaziba tyubu halafu unairudishia mwiba uleule, mi huwa napitisha kitambaa taratibu ndani ya tairi kikinasa tu najua ipo hapo, naing'oa na pini. Mafundi wengi wa senta hatua hiyo ya kutafuta mwiba wanairuka aisee. Ukikuta matundu mawili yamekaa jirani jirani ujue unapanda upepo ukiwa mdogo huku nyuma umepakia mzigo. Na mvua zikianza toa madigadi (yale mabati ya kukinga tope juu ya magurudumu) mapema, ule udongo mweusi wa mbugani ukijaa pale gurudumu halizunguki, baiskeli utaibeba wewe.